Afande Harrison Muriuki na Simu Alizopiga kwa Sauti Yake

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, ndugu na majirani, asubuhi ya Jumanne tarehe 21 Januari 2025, katika chumba cha mbele cha nyumba ya orofa ya pili hapa Saint Louis Park, tulikuwa watu wanane: Mama Makena, mkewe marehemu, watoto wao Kendi na Mutethia, Zachariah Gitonga na Anicet Ndayizeye, waliokuwa askari wake, Sumayya, muuguzi aliyekuwa akija nyumbani kumhudumia, mimi ninayesoma, na mtoto wangu wa miezi saba, ambaye nimemhesabu kwa sababu alikuwa macho. Nimeanza na majina haya kabla ya kuzaliwa kwa marehemu, kinyume cha desturi, kwa kuwa siku hiyo kuna mtu aliyeuliza ni nani waliokuwepo, naye alikuwa na haki ya kuuliza.

Jina langu ni Kagendo, binti ya marehemu Silas Kithinji wa Nkubu. Mama Makena ameniomba niisome historia hii kwa niaba ya familia, kwa sababu watoto wake wanakielewa Kiswahili lakini midomo yao hujibu kwa Kiingereza, naye mwenyewe aliniambia, "Soma wewe, mimi niache nilie vizuri nikiwa nimekaa." Elimu yangu ni ya darasa la nane, kwa hiyo mtanivumilia. Marehemu mwenyewe aliacha neno moja kuhusu siku ya leo, kwamba asisomewe nishani peke yake, na familia imekubali.

Harrison Muriuki Mwirigi alizaliwa tarehe 9 Mei 1964 huko Nkuene, Imenti Kusini, katika Meru, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Mwirigi na Mama Tabitha Kaburo, ambaye yu hai hadi leo, mwenye umri wa miaka themanini na tatu, anayeishi kwenye boma lile lile alimomzalia, na ambaye masikio yake yamechoka kiasi kwamba simu haimfai tena, neno lolote la maana huambiwa ana kwa ana, mtu akiwa ameketi mbele yake. Ndugu wawili wa marehemu walitangulia, mmoja mwaka 1989 na mwingine mwaka 2006.

Alisoma shule ya msingi hapo Nkuene hadi darasa la saba mwaka 1978, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1982, na mama yake hupenda kusimulia kuwa alikwenda sekondari na jozi moja ya viatu ambayo aliivaa akikaribia lango tu, ili idumu miaka minne, nayo ikadumu mitatu na nusu.

Tarehe 14 Machi 1983 alijiunga na Jeshi la Kenya, akafunzwa Eldoret pamoja na makurutu wenzake, akawa koplo mwaka 1988, akawa sajini mwaka 1993, akatumwa na kikosi cha kulinda amani kule Kroatia mwaka huo huo, na mwaka 2000 akatumwa Sierra Leone, ambako aliwavusha mto askari wawili waliojeruhiwa, mmoja baada ya mwingine, akiwabeba mgongoni chini ya risasi. Kwa tendo hilo alivalishwa nishani jijini Nairobi tarehe 12 Disemba 2001. Nishani hiyo iko pale mezani karibu na picha yake, na mnaweza kuitazama mkitoka, lakini mimi niliyemjua mwisho wa maisha yake sikuwahi kumsikia akiitaja, alichokitaja ni kwamba yule wa pili alimshukuru kabla ya kufika ng'ambo, na kwamba alifika ng'ambo akiwa amekufa.

Jumamosi tarehe 5 Disemba 1992 alifunga ndoa na Makena Nkatha, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kendi aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1995 na Mutethia aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1999. Mwaka 2003 Mama Makena alipata nafasi ya kusomea uuguzi hapa Minnesota, akaja na watoto, akafanya kazi za zamu mbili huku akisoma, akawalea peke yake kwa miaka kumi na mmoja. Marehemu alistaafu jeshini mwaka 2004 akiwa sajini mkuu na angeweza kuja wakati huo. Hakuja. Alimwambia mkewe kuwa hajui kufanya kazi nyingine, na mkewe akamjibu kwa simu, "Hata mimi sikujua kuendesha gari kwenye theluji, Baba Kendi." Jibu hilo alilikumbuka mpaka kitandani.

Mwaka 2005 aliajiriwa kwenda Iraki kuwa mlinzi wa kukodiwa, pamoja na wanaume wengine wengi wa Kenya, Uganda, Burundi na Kongo, waliosimama malangoni na minarani kulinda kambi za watu wengine katika vita vya watu wengine. Mkubwa wao alikuwa mzungu mmoja waliyemwita Meja. Mwezi wa Aprili 2008 kambi yao ndogo ilizingirwa, na asubuhi moja helikopta ikaja, ikamchukua Meja na wazungu wenzake watatu, ikaahidi kurudi, haikurudi. Walibaki Waafrika arobaini na sita bila kiongozi na maji ya siku nne. Harrison, ambaye wakati huo alikuwa na watu kumi tu chini yake, aligawa zamu, akagawa maji kwa kifuniko cha chupa, akapika yeye mwenyewe ili mtu asiseme mwenzake amepakuliwa zaidi, na walilishika lile lango kwa siku tisa, wakawazika wenzao wawili ndani ya ua. Msaada ulipofika, afisa aliyeshuka aliuliza ni nani anayeongoza hapa, na watu arobaini na watatu wakanyoosha mkono kwake kwa pamoja, bila kushauriana. Anicet yuko hapa, alikuwa mmoja wa mikono hiyo, na ameniambia niseme kwamba Harrison naye aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeonyeshwa.

Tangu siku hiyo hawakukubali tena kuajiriwa mtu mmoja mmoja. Waliunda kikosi chao wakakiita Ngao, na yeyote aliyetaka walinzi aliwachukua wote au asichukue hata mmoja, nao wakamfuata Harrison kutoka Iraki hadi Afghanistan, na kufikia mwaka 2012 walikuwa watu mia moja na arobaini. Walimwita Afande. Watu wengine walimwita mamluki, hata katika kanisa hili neno hilo limewahi kusemwa nyuma yake, na yeye hakulikataa, alisema, "Tulipigana kwa kukodiwa, jina lenyewe ni hilo." Aliagiza pia isomwe kwamba tarehe 2 Oktoba 2010, katika kizuizi cha barabarani, watu wake walilipiga risasi gari lililochelewa kusimama, na ndani yake kulikuwa na baba mmoja na binti yake, wote wawili wakafa, na binti alikuwa ameshika sare mpya ya shule mapajani. Hakufyatua yeye, ila amri ya kufyatua ilikuwa yake. Majina yao hakuyapata kamwe, ingawa aliyatafuta, na aliomba kwamba leo tunyamaze kidogo kwa ajili yao kabla ya kunyamaza kwa ajili yake.

Tunyamaze.

Asanteni.

Sasa nitasema desturi ya kikosi cha Ngao, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa yanayofuata. Kampuni zilizowakodi zilikuwa na mazoea ya kupeleka habari za kifo kwa barua ya Kiingereza, na barua hiyo ilisomwa na yeyote aliyekuwa karibu, mara nyingine mwenye duka, mara nyingine mtoto. Harrison alikataa. Kila aliyejiunga alimpa jina la mtu mmoja na namba yake ya simu, akaandikiwa ukurasa wake katika daftari la jalada jekundu, na akifa, Afande mwenyewe aliuangalia uso wake kwanza, akalitaja jina lake kwa sauti, kisha akampigia simu mtu yule, kwa Kiswahili au kwa Kimeru, bila kumtuma mwingine. Ndani ya jalada aliandika maneno mawili, Uso kwanza. Kwa miaka sita alipiga simu hizo, na wale waliosimama karibu naye wanasema alizipiga akiwa amevua kofia, kana kwamba mwenye kupokea anamwona.

Mwaka 2013 walikuwa wakilinda lango la kambi moja kusini mwa Afghanistan. Baba yangu, Silas Kithinji, alikuwa mwanaume mwenye kifua kipana, na fulana ya chuma ya kuzuia risasi aliyopewa ilimbana hata hakuweza kuvuta pumzi vizuri, huku Zachariah, ambaye ni mwembamba kama mnavyomwona, alipewa ile kubwa. Kwa hiyo walibadilishana. Walibadilishana kila zamu kwa miezi mitano, na vitambaa vya majina vilivyoshonwa kifuani havikufumuliwa, kwani fulana zilikuwa za kampuni na aliyefumua alikatwa mshahara wa siku. Kila mtu lango lile alijua kwamba aliyevaa jina la Gitonga ni Kithinji na aliyevaa la Kithinji ni Gitonga, wakawa wanataniana kwa hayo, baba yangu akimwambia mwenzake, "Usife na jina langu, mke wangu atakudai."

Jumatatu tarehe 11 Machi 2013 lori lilipasuka langoni. Walikufa wanne. Zachariah aliokotwa akiwa hajitambui, uso umefungwa bandeji, akapelekwa kwa ndege hospitali ya mbali akiwa amevaa jina la baba yangu. Baba yangu alilazwa na wafu wengine watatu chini ya turubai. Afande alifika kutoka kambi nyingine, akafunuliwa wa kwanza, akamtazama, akataja jina, akafunuliwa wa pili, akafunuliwa wa tatu, na alipofika kwa wa nne aliyemfunika alimwambia kuwa huyu hatazamiki, na Harrison akasema, "Basi mwache." Akasoma kitambaa, na hapo hapakuwa na mtu wa lango lile wa kumsahihisha.

Alimpigia simu Nkirote, mkewe Zachariah, akamwambia mumewe amekufa. Kisha akampigia mama yangu, Peris, ambaye anauza mboga sokoni Nkubu, akamwambia, "Mama Kagendo, Silas ameumia, lakini yuko hai, nitakuletea nyumbani mimi mwenyewe."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nakumbuka siku sita zilizofuata. Mama alifunga kibanda, akapika sufuria mbili, akaenda kwa Nkirote, nyumba ya nne kutoka kwetu, ambako turubai lilikuwa limefungwa na majirani wameketi, akamwosha miguu, akamlisha kwa mkono, akalala naye ili asiamke peke yake, na akirudi kwetu kubadilisha nguo alikuwa akiimba kwa sauti ndogo, akiionea haya furaha yake. Jumapili tarehe 17 Machi alibeba mkungu wa ndizi hadi kanisani kutoa shukrani, akasimama mbele ya watu, akasema mume wake ameponywa. Siku hiyo hiyo, kule hospitalini, Zachariah alizinduka, muuguzi akamwita Kithinji, naye akauliza, "Kithinji yuko wapi?"

Simu ya pili ilimpata mama yangu nje ya kanisa, ndizi zikiwa bado madhabahuni. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia hapo. Alimwuliza swali moja tu, "Ulimwangalia uso?" na Afande akajibu, "Hapana." Mama akaizima simu, na tangu saa hiyo hakumpa Harrison Muriuki neno jingine.

Marehemu alifanya alichoweza. Alisafiri na mwili mwenyewe, akasimama mbali makaburini kwa sababu mama alikataa asikaribie, na baada ya hapo, kila tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, alimpigia simu. Mama hakuipokea wala hakuikata, aliiweka juu ya meza ya mboga akaitazama ikilia mpaka inyamaze, kisha akaendelea kupanga nyanya. Nimeiona mara nyingi. Wateja waliokuwa wakimjua walingoja nao. Alichotaka Afande kilikuwa kimoja, mama yangu apokee simu yake mara moja kabla yeye hajafa, aseme alilotaka kusema, hata kama lingekuwa tusi, na alikingoja miaka kumi na mmoja na miezi kumi.

Kikosi cha Ngao alikivunja tarehe 30 Juni 2014, baada ya kupoteza watu kumi na tisa kwa jumla. Alipiga simu ishirini za kifo kwa wafu kumi na tisa. Alikuja hapa Julai mwaka huo, Mama Makena akampokea bila maneno mengi, akamwonyesha mahali pa kuweka viatu. Akaanza kazi ya kuendesha gari la kuwapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu, kutoka Richfield hadi Anoka, na kwa miaka minane mtu aliyewahi kuongoza watu mia moja na arobaini wenye bunduki aliamka mapema kuwasha gari ili viti viwe na joto kabla ya bibi wa kwanza kukaa. Zachariah, ambaye naye alikuwa amehamia hapa, alimletea kazi ya pili, kuondoa theluji mbele ya nyumba za wajane wawili, ambayo haikuwa na malipo, akaifanya.

Mimi nilimwona kwa macho yangu tarehe 8 Februari 2020. Mume wangu Mwenda alikuwa amepata bahati nasibu ya viza, tukafika uwanja wa ndege na masweta ya Nkubu, mtoto wetu wa kwanza mgongoni. Zachariah alikuwa ametuahidi kutupokea, tukamkuta yuko na mzee mmoja mrefu aliyeshika makoti, makubwa mawili na madogo mawili, kwa sababu hakujua mtoto ana ukubwa gani akanunua ya vipimo viwili. Kabla sijagusa koti aliniambia, "Mimi ndiye Harrison. Ndimi niliyempigia mama yako simu mbili. Gari langu lina joto, lakini kama hutaki kuingia, la Zachariah liko nyuma yake, sitakasirika." Nilichukua makoti nikaingia kwa Zachariah. Wiki iliyofuata tulipata mfuko wa unga wa ugali mlangoni, na wiki nyingine tena, na ilinichukua mpaka mwezi wa Mei kumwambia aingie ndani anywe chai. Mama yangu nilimwambia ukweli kwa simu kwamba nakaa karibu naye. Akauliza, "Mtoto ana koti?" Nikasema analo. Akasema, "Sawa," akaendelea na habari za mvua.

Mwaka 2021, akinipeleka kliniki katika gari lake, marehemu aliniambia bila kuulizwa, "Niliangalia nyuso tatu. Ya nne nikasoma jina. Watu husema nilidanganywa na fulana, Kagendo. Fulana haikunidanganya, nilichoka kuona." Nilimpa kitambaa cha mtoto, akajifuta nacho.

Ugonjwa wake ulianza kwa kikohozi mwezi wa Septemba 2022. Madaktari waligundua kwamba mapafu yanakauka, jambo walilohusisha na moshi wa mashimo ya kuchomea taka katika zile kambi, ambako alisimama miaka tisa. Alitumia mashine ya hewa kuanzia Machi 2023, aliacha kuendesha gari Juni, na kuanzia Novemba 2024 alikuwa wa kitandani, akikohoa damu, akilala ameketi, kwani akilala chali alizama. Yalikuwa mateso, wapendwa, na familia haikutaka niyapambe. Tarehe 11 Machi 2024 alimpigia mama yangu kwa mara ya mwisho, na kwa kuwa pumzi haikutosha kusema na kushika simu, Mutethia alimshikia. Ililia mpaka ikanyamaza. Mutethia akamwuliza kwa Kiingereza kama ajaribu tena, na baba yake akatikisa kichwa, akasema, "Hapana. Mara moja kwa mwaka inatosha mtu kusumbuliwa."

Alifariki tarehe 21 Januari, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Mama Makena akiwa amemshika mkono wa kulia na Kendi wa kushoto. Sumayya, kabla ya kumpima mara ya mwisho, alipasha kwanza vidole vyake kwapani ili asimguse kwa baridi, ingawa alijua hatahisi.

Baada ya sala, Zachariah aliomba daftari jekundu. Alilifungua ukurasa wa mwisho, ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuuona, na hapo Afande alikuwa amejiandika mwenyewe kama askari mwingine yeyote, jina lake, na chini yake jina la mtu mmoja wa kuarifiwa: Peris Kithinji, Nkubu. Mkewe na watoto walikuwepo, hawakuhitaji kupigiwa, lakini hakuna aliyetarajia jina hilo. Nilisema, "Huyo ni mama yangu, acheni nimpigie mimi." Zachariah akasema, "Hapana, dada. Wewe hukuwa kikosini." Kisha akaketi, akasema, "Lakini nitampigiaje mimi, Mama Kendi? Mimi ndiye niliyevaa jina la mume wake. Mimi ndiye niliyerudi." Mama Makena hakumwinulia macho, alikuwa akifunga vifungo vya shati la mumewe, akasema, "Fanya vile ameandika."

Zachariah alivua kofia. Aliondoa kitambaa kilichomfunika Afande, akautazama uso wake kwa muda mrefu, akataja, "Harrison Muriuki Mwirigi." Akapiga kwa simu yake mara mbili, haikupokelewa. Anicet akasema, "Tumia ya Afande, ile namba mama anaijua." Zachariah akamjibu, "Si ndiyo hiyo hapokei, bwana." Anicet akasema, "Leo si Machi."

Ililia mara nne. Ikapokelewa. Kwao ilikuwa saa kumi alasiri, tukasikia kelele za soko, na mama yangu hakusema haloo wala nani.

Zachariah alijitaja jina, akasema, "Mama, Afande amekufa."

Mama akauliza, "Umemwangalia uso?"

"Nimemwangalia, mama."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Nani mwingine yuko hapo?"

Ndipo Zachariah akaanza kututaja mmoja mmoja, Makena, Kendi, Mutethia, Anicet, Sumayya muuguzi, Kagendo, na mtoto wa Kagendo, na kila aliyetajwa aliitika, hata Mutethia aliitika, kwa Kiswahili. Mama alisikiliza majina yote. Akasema, "Haya," akakata simu. Hakusema amesamehe, na mimi niliye binti yake sitalisema kwa niaba yake. Baadaye nilimwuliza mbona aliipokea, akaniambia ilikuwa siku isiyo ya namba ile, akajua si yeye anayepiga.

Familia inawashukuru madaktari waliomhudumia kwa miaka miwili na nusu, na kwa namna ya pekee Sumayya kwa vidole vyake. Wenzake wa kazi ya magari, waliogawana zamu zake alipougua bila kumwambia mkubwa wao. Bi Arafa wa orofa ya chini, aliyeleta mahamri kila Ijumaa akisema amepika kupita kiasi, miezi kumi na nne mfululizo. Yule mzee Mmarekani wa nyumba ya pili, aliyeondoa theluji mbele ya mlango wetu asubuhi ya msiba, akaondoka kabla hatujamshukuru. Nkirote, aliyemfuata mumewe Zachariah hapa, ambaye alikuwa zamu uwanja wa ndege siku hiyo, akaja moja kwa moja na sare yake, akaosha vyombo. Na watu wa Ngao walioko hapa na walioko mbali. Mwili wake utasafirishwa Jumatatu, kwenda kuzikwa Nkuene.

Afande, zamu yako imepokelewa, lala sasa, tumekuona uso.

Jioni ile ya tarehe 21 Januari, kabla habari haijafika kwenye simu za watu, mama yangu alifunga kibanda chake, akapanda kwa miguu kilomita nne hadi Nkuene, akaketi mbele ya Mama Tabitha Kaburo, akamshika magoti, akamwambia kwa mdomo wake kwamba mwanawe amekufa, na amekaa naye hadi leo.